Mistari Sita ya Mama Audace

Vidole vya Godeberthe Nshimirimana vilisomea mjini Ngozi, na hilo ndilo lililotugombanisha. Huko Burundi alikuwa sekretari kwenye ofisi ya serikali ya komini kwa miaka kumi na mmoja, akipiga chapa bila kutazama, kwenye kibodi ya Kifaransa. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, kompyuta zetu zina kibodi za Kiingereza. Herufi zilizohama ni chache, lakini kwa mtu anayeandika mbio huo ni msiba: akitaka a anapata q, akitaka m anapata nukta mkato. Warundi wengine huteseka mwezi mmoja, kisha huzoea. Godeberthe, ambaye sote tunamwita Mama Audace, alikataa. Alisema ana miaka arobaini na mitatu na vidole vyake havirudi darasa la kwanza.

Kompyuta inaweza kuambiwa ibadili mpangilio wa herufi, ila mimi nilikuwa nimeifunga sehemu hiyo kwa neno la siri. Nilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia wanafunzi walichezea mipangilio mpaka kompyuta nne zikaanza kuandika Kichina, nami nikamaliza siku tatu nikibofya kwa kubahatisha. Naitwa Eliezeri, natoka milima ya Kivu Kusini, nafundisha kompyuta kwenye kituo karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi, na nikishafunga kitu sifungui. Mke wangu anasema ni ugonjwa.

Mwezi wa pili wa masomo tukaingia kwenye programu. Nilifundisha lugha ya kompyuta ya wakubwa, kama nilivyofundishwa mimi: mabano, alama, aina za data, wiki tatu nzima kabla kompyuta haijasema lolote. Mama Audace alinakili kila kitu kwa mwandiko mzuri na hakuelewa hata kimoja. Akaniuliza programu ile itamsaidia nini ikishaandika "Habari" kwenye kioo cheusi. Nilimwambia avumilie.

Jumanne moja nikamkuta anaandika mbio, na kila herufi iko mahali pake. Nilidhani ameiba neno langu la siri, damu ikanipanda. Kumbe alikuwa ameuliza kwenye simu yake namna ya kuhamisha herufi pasipo neno la siri, akakuta lugha moja ndogo ya bure, ya kuamuru vitufe na kipanya, akaiweka kwenye flashi. Programu yake ilikuwa na mistari sita tu, na kila mstari ulisema jambo moja: kitufe hiki kiwe kile. Nikamwambia hiyo si programu, ni ujanja wa wavivu.

"Mwalimu, nimeandika, na yenyewe imefanya," akasema. "Kama haiko programu, basi iko nini?"

Nikakasirika zaidi. Nilimweleza kwamba lugha za namna ile humharibu anayeanza. Zinamdekeza, zinamfundisha kubofya badala ya kufikiri, na ukizihamishia kompyuta nyingine zinakuangusha. Samaki mkunje angali mbichi, nikamwambia. Akanijibu kwamba samaki huyu ana wajukuu wawili.

Lakini jamani, mama yule alishika moto! Tulikuwa na vyeti sitini na nane vya wahitimu wa kituo vya kujaza, jina, kijiji na tarehe, kazi ya siku mbili. Akaapa kwamba kompyuta itavijaza yenyewe. Alipohitaji kurudia jambo mara sitini na nane, akajifunza marudio mchana mmoja, somo ambalo nilikuwa nimelihubiri siku tisa bila mtu kuokoka. Alipokuta wengine hawana kijiji, akajifunza amri ya "kama sivyo". Siku alipobonyeza kitufe kimoja na majina yakaanza kushuka kwenye vyeti, darasa zima lilisimama, na mimi nyuma yao. Nilifurahi kuliko alivyofurahi yeye, ila sikumwonyesha.

Ndipo shule moja ya Nyamityobora, kule Mbarara, ikatangaza mafunzo ya mwaka mzima kwa wakimbizi, nafasi moja kwa kila kituo. Mwombaji apeleke programu aliyoiandika mwenyewe, na barua ya mwalimu iliyofungwa, yenye jibu la swali moja: anajua programu? Mama Audace aliitaka nafasi ile kwa roho yote. Tangu atoke Burundi alikuwa analima mahindi ya watu, na alitaka kukaa tena mbele ya meza kabla hajazeeka. Mimi, kwa kichwa changu kigumu, niliandika: "Bado. Anajua kuchezea vitufe." Nikaifunga kwa gundi.

Tukaenda Mbarara pamoja. Tulipokelewa na Madamu Kyomugisha, mwenye shule, mama wa Kinyankore asiye na maneno mengi. Alimkalisha Mama Audace kwenye kompyuta, akamwambia awashe programu yake, aandike jina lake, kisha aendelee na vyeti. Mama Audace akachomeka flashi, akaandika bila kutazama vidole. Kwenye kioo pakatokea: Nshi,iri,qnq.

Nikafumba macho. Si ndiyo niliyomwambia?

Kumbe Madamu, kwa wema wake, alijua wageni wake wengi wanatoka nchi za Kifaransa, akawatafutia kompyuta yenye kibodi ya Kifaransa. Herufi zilikuwa tayari mahali pake, na ile mistari sita ikazihamisha tena. Mama Audace akainama, akaitazama kibodi kwa mara ya kwanza. Kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Madamu, munipe dakika tano," akasema. "Sikuifundisha kuuliza."

Hakuzihitaji zote. Akaongeza mistari michache juu ya ile sita: programu ikiwaka, iulize kwanza kama kibodi ni ya Kifaransa, na jibu likiwa ndiyo, isiguse herufi. Akaiwasha, ikauliza, akajibu. Jina likatoka safi, na vyeti vikafuata. Mimi, mtu mzima, nilipiga makofi peke yangu.

Madamu Kyomugisha akaifungua barua yangu, akaisoma kwa sauti. Mama Audace hakugeuka, alitazama mikono yake tu. Sijawahi kuona aibu kama ile.

"Mwalimu, wewe unasema hajui," Madamu akasema. "Mimi nimeona anajua. Sasa nashika gani?"

Nikaomba kalamu niifute. Akasema barua iliyofutwa hapokei, kompyuta ile pale, niandike nyingine. Nikakaa. Kila a yangu ilitoka q, kila m yangu ilitoka mkato, nami nikatokwa jasho kwenye neno la kwanza. Mama Audace akanigusa bega.

"Musogee, mwalimu. Museme, mimi nitaandika."

Akakaa mahali pangu, akaweka vidole tayari, akangoja. Ikabidi niseme mbele yake, kwa kinywa changu, polepole: "Godeberthe Nshimirimana anajua programu. Mimi nilikosea." Aliyaandika yote, kisha akaniuliza kama nataka ile sentensi ya pili ibaki. Nikamwambia ibaki.