Tuliishia Wapi?

Macho ya mama yalipoanza kuingia ukungu, hakulalamikia jiko wala njia ya mtoni. Alilalamikia Biblia. Tangu nikiwa mtoto aliisoma kila alfajiri kabla ya kuwasha moto, ile ya lugha yetu ya Ekegusii yenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa gunia. Sasa aliipakata tu, kimya. Mama yangu kunyamaza! Niliingiwa na hofu.

Mimi nauza mapazia mjini Kisii, na mtu wa duka hutatua mambo kwa kununua. Nilimpelekea kiredio cha memori kadi chenye Biblia nzima ndani, nikajipongeza. Kumsomea mwenyewe hakukunijia akilini. Biblia kwangu ilikuwa kitu cha Sabato, unakwenda nayo kanisani na kurudi nayo.

Likizo ya Agosti nilienda nyumbani Nyamira. Mama bado alichuma majani chai, maana vidole vyake havihitaji macho kujua majani mawili na chipukizi. Kiredio alikining'iniza kwenye kikapu mgongoni, kikisoma kwa sauti ya juu. Ng'ambo ya ua, jirani yetu Mkatoliki alikuwa amehamia mistari ya chai ya mpakani ili naye asikie, na wake wa wanawe wakamfuata. Walikuwa wamefika kwa yule kijana aliyeuzwa na ndugu zake.

Kisha radi ikapiga transfoma. Wanaojua mvua zetu hawatashangaa. Stima ikapotea siku mbili, kiredio kikaishiwa chaji na kuzima, ndugu wale wakiwa wamesimama mbele ya kijana kuomba chakula, hawamtambui.

"Sasa hapo ndipo kinaachia?" jirani akafoka.

"Mama, si hadithi hii unaijua?" nilimuuliza mama.

"Hata mboga ya chinsaga naijua. Mbona bado naila?" Kisha akasema taratibu, "Kalete ile yangu. Usome wewe."

Ekegusii naizungumza bila shida, lakini kuisoma ni kazi nyingine. Nilijikwaa kwenye kila neno refu, na maneno yetu ni marefu kweli. Wale wake wa wana wa jirani walicheka mpaka wakashikana. Mama hakucheka. Alisimama, vidole vimetulia juu ya majani, akingoja neno lifike. Likifika, aliitikia kwa kichwa tukaendelea.

Tukafika pale kijana anapowaacha ndugu zake na kutafuta mahali pa kulia. Hadithi hii niliijibia maswali tangu Shule ya Sabato, nikapewa hadi peremende, na sikuwahi kuona kwamba alikuwa na hamu nao. Alikuwa na kila sababu ya kuwafukuza, na bado alikuwa na hamu nao. Nililia pale katikati ya chai, na nilifurahi kulia.

"Rudia hapo," mama akasema.

"Na majani yangu je?" Kikapu changu kilikuwa kitupu.

"Wewe soma!" jirani akajibu. "Majani tutakuchumia."

Wakanichumia kweli. Jioni nilipeleka kwenye kituo cha kupimia chai majani ambayo sikuyagusa.

Stima iliporudi nilichaji kiredio nikamrudishia. Mama alikipapasa, akacheka. "Mpelekee ng'ombe. Kinasoma vizuri, lakini hakijui pa kulia."

Siku hizi niko dukani tena. Asubuhi kabla sijafungua, mama hupiga simu, huitia kikapuni ikiwa na sauti kubwa, na kuuliza, "Tuliishia wapi?" Nami nimenunua Biblia yangu ya Ekegusii, inakaa chini ya kaunta. Wateja wa mapema wamezoea kungoja. Mmoja huja mapema makusudi.

Juzi tuliachia pabaya: malkia ameingia kwa mfalme bila kuitwa, na huenda akauawa. Kutwa nzima nilikata mapazia vibaya. Kesho yake, jua halijachomoza, nilipiga mimi.

"Kuna nini?" mama akauliza kwa hofu. "Nani anaumwa?"

"Hakuna, mama. Nataka tusome."

Akacheka, kile kicheko chake cha zamani. "Majani bado yana umande, hakuna hata mtu ametoka. Si hadithi hii unaijua?"

"Naijua."

"Basi soma," akasema. "Tuko wawili tu. Soma polepole."