Blanketi na Birika la Mnunuzi wa Ngozi

Mzee niliyekuwa nikimhudumia Etterbeek, hapa Brussels, alikuwa anaandika maisha ya babu wa babu yake, mnunuzi wa ngozi na mvumbuzi wa mito huko Kanada. Mimi, kazi yangu ilikuwa kumwogesha na kumpa dawa, lakini macho yalimwishia nguvu, basi nikawa namsomea kurasa zake kwa sauti kila baada ya chakula cha mchana.

Nyumbani kwangu, karibu na uwanja wa Flagey, tulikuwa tukiandaa harusi. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameposwa na kijana wa kwetu Bujumbura, muuza caguwa, yaani mitumba, anayekusanya nguo hapa Brussels na kuzipeleka kule kwa marobota. Baba alikwisha kubali kwa simu. Shehe angekuja sebuleni, angefungisha nikaha, tungekula pilau, kwisha. Habari ya kwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kuandikisha ndoa, mchumba alisema itafuata, hakuna haraka. Na hapa mke wa nikaha tupu hatambuliki popote: mume akiondoka, ni kama hukuolewa. Sote tulilijua hilo, na sote tulijifanya hamnazo, kwa sababu kwetu ndoa ni ndoa.

Turudi kwa yule babu wa Kanada. Alipiga makasia kwenye mito ambayo Wazungu walikuwa hawajaiona, akaibandika majina ya shangazi zake, kana kwamba waliokuwa wakivua mle hawakuwa na midomo ya kuiita. Mzee alikuwa akisisimka kila nikifika hapo, na mimi namezea tu. Alichokifuata babu ni kastori, mnyama wa mtoni kama panya buku aliyenenepa, mkia bapa kama mwiko. Na ngozi iliyopendwa kuliko zote, astaghfirullah, haikuwa mpya. Ilikuwa ile waliyokwisha kuivaa wenyeji, manyoya ndani, wakaitolea jasho na mafuta ya mwili mpaka nywele ngumu zikapukutika na kubaki sufu laini. Hiyo ndiyo waliyoigombania mafundi wa kofia wa Ulaya.

Nilicheka hadi mzee akauliza kuna nini. Mama yetu alikuwa akichemsha kila nguo ya caguwa kabla hatujaivaa, maana hujui imetoka mwilini mwa nani. Kumbe mabwana wa huku walitutangulia kuvaa mitumba, tena kichwani.

Kicheko kilinikauka kwenye ukurasa wa mke. Babu alioa binti wa kulekule, kwa desturi ya kule: zawadi kwa baba mtu, maneno mbele ya wazee, basi. Huyo mwanamke ndiye aliyemkwangulia ngozi zake zinazonuka, akamsukia viatu vya kukanyagia theluji, akamkalimania, akamwonyesha mito ileile aliyojidai kuivumbua. Akamzalia watoto wawili. Biashara iliponona, bwana akarudi Brussels na kufunga ndoa ya kanisani na binti wa tajiri wa kofia. Yule mwenzake alimwacha ukingoni mwa mto na blanketi na birika la shaba.

Kuachwa huko mzee alikumaliza kwa sentensi moja, na zile zawadi mbili akaziita ukarimu. Niliziweka kurasa magotini. Nikamwuliza wale watoto waliishia wapi. Akanijibu kwa upole, huku akifuta miwani, kwamba hao hawamo katika historia ya familia. Nilimpa dawa yake, nikavaa koti, nikaondoka bila kumaliza ukurasa. Mtu mzima ovyo.

Nilimsimulia mdogo wangu yote tukiwa jikoni, tunachambua mchele wa pilau ya harusi. Aliendelea kuchambua, hata pale ambapo mchele ulikuwa umekwisha kuwa safi.

Jioni ya siku hiyo mchumba akaja, ananukia manukato hadi kwenye ngazi, na zawadi zake mkononi: blanketi zito la manyoya, na birika la umeme likiwa kwenye boksi. Akanisalimu shemeji, akaketi, akanisifia nyumba. Nilivitazama vile vitu viwili. Nilinyanyuka nikafungua dirisha.

Mdogo wangu alimwambia kwa sauti ya chini kwamba anataka waandikishe komini kwanza, ndipo shehe aje. Yule bwana akatabasamu. Bon, akasema, mapenzi na karatasi wapi na wapi, mbele ya Mungu wewe ni mke wangu.

"Na siku biashara ikikuita Bujumbura moja kwa moja?" mdogo wangu akauliza.

"Alors, unanionaje?" akasema, mkono kifuani. "Mimi siwezi kukuacha mikono mitupu."

Sijui kama aliyasikia maneno yake mwenyewe. Mdogo wangu aliyasikia. Alilikunja blanketi pole pole, pembe kwa pembe, akaweka boksi la birika juu yake, akampakatisha vyote viwili magotini.

"Vichukue, kaka," alimwambia. "Hivi alikwisha kupewa mwenzangu."

Yule kijana akanigeukia mimi, macho yamemtoka, anasubiri nimweleze mwenzangu ni nani. Nikaenda kumfungulia mlango.