Papai Bichi Lililonigomea

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu tulikaa Jadida, kwa wazazi wa mume wangu, na huko nyama ya mishkaki ilitaka kunitia wazimu.

Mavyaa, mama mkwe wangu, alinifundisha mwenyewe: paka nyama papai bichi lililopondwa, liwe na utomvu wake, iache mezani kidogo, kisha uchome. Mara ya kwanza ilitoka laini hata baba mkwe, ambaye meno yamemwishia, akaomba aongezwe. Nikajiona mpishi.

Mara ya pili niliipaka nikaitia frijini moja kwa moja mpaka wakati wa kuchoma. Ikatoka kama kandambili. Safari nyingine nikalichemsha papai kwanza, nikidhani moto utazidisha nguvu zake. Ngumu vile vile! Na papai la mti ule ule, nyama ya bucha lile lile.

Mavyaa akanitazama. "Mwanangu, bismillahi ulisoma?"

"Nilisoma, mama."

"Basi mie sijui."

Kisha ikaja siku ya joto kali, umeme umekatika. Nikaiacha nyama mezani na papai lake tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilipotaka kuitunga kwenye vijiti, ikanimeguka vidoleni kama uji. Nikakaa juu ya mbuzi ya nazi, nikacheka, halafu machozi yakanitoka.

Wifi yangu, anayesomesha baiolojia sekondari, alinikuta hapo.

"Papai lina vimeng'enya," akasema. "Hivyo ndivyo vinavyoilainisha nyama. Kwenye baridi vinalala, kwenye joto vinachapa kazi, ukivichemsha vinakufa."

"Kumbe ni vidudu?"

"Hapana wifi, havina uhai."

"Sasa vinakufaje?"

"Vinaharibika umbo. Sisi tunasema tu vinakufa. Na kulala pia si kulala hasa, ni kwamba... Hebu nipe maji ya kunywa."

Walipokuja wageni kutoka kisiwa cha Fundo, nikafuata maneno yake bila kuyaelewa: papai bichi, nyama nje ya friji, muda mfupi. Ikatoka laini, wakasifu. Bibi mmoja akaniuliza, "Na limau unatia kabla ya papai au baada?"

Mie hutia wakati wowote ninapokumbuka. Nikamgeukia wifi. Naye alikuwa ameinamia sahani yake, anaomba tena maji ya kunywa.