Bi Sabuni na Sufuria Iliyong'aa Kupita Kiasi

Jua halijapanda vizuri, lakini mlango wa makumbusho ya wilaya umeshafunguliwa. Ndani, mama wa makamo anapitisha kitambaa juu ya jembe lililovunjika mpini. Kitambaa kikavu tu. Maji yamepigwa marufuku humu, na aliyeyapiga marufuku ni yeye mwenyewe.

Watu wanamwita Bi Sabuni. Ndiye mfagiaji, mlinzi wa mchana na mpokea wageni wa chumba hiki kirefu kilichokuwa ghala la mahindi. Mshahara wake, anasema, ni wa kuzugia njaa, lakini kazi anaipenda, na ukimtazama unaona hadanganyi.

Huku mashambani, magharibi kabisa ya nchi, makumbusho hayajawahi kununua kitu. Kinu, mizani ya soko la kwanza, kengele ya shule, vyote vimeazimwa kutoka kwa familia. Kitu kinabaki cha mwenyewe, na siku akikitaka anakuja kukibeba bila kuulizwa neno.

Kinachopendwa kuliko vyote ni sufuria kubwa ya chuma. Mwenyewe ni ajuza mmoja wa kijiji cha jirani, na mama yake ndiye aliyeitumia kuwapikia vibarua waliojenga daraja la kwanza la wilaya. Kabla ya hapo, mto ukifurika, upande huu ulikuwa kisiwa. Karibu kila ukoo una mtu aliyekula chakula cha sufuria ile.

Mwaka jana wilaya ilijiandaa kuadhimisha historia yake, na Bi Sabuni akaapa wageni hawatakuta uchafu. Alichukua sabuni, mchanga na majivu, akasugua sufuria kutwa nzima mpaka masizi yote yakatoka.

"Niliiangalia nikacheka peke yangu," anasema. "Nilijiona fundi kweli kweli."

Ajuza alipopita kuisalimia mali yake, alisimama mbele yake akauliza sufuria iko wapi. Alipoonyeshwa, hakugomba.

"Mwanangu, masizi yale yalikuwa moto wa mama yangu," alisema. "Sasa hii ni sufuria ya dukani."

Akaaga kwa heshima, akasema kesho atatuma toroli.

Habari huku hazihitaji redio; kabla ya jioni mwenye kengele alishakuja kuikagua, na mwenye kinu akaanza kuulizia chake. Maadhimisho yalikuwa wiki inayofuata, na chumba kilielekea kubaki kuta tupu. Mumewe, fundi baiskeli asiyeacha utani hata msibani, alimwambia kwamba amelikoroga, basi alinywe.

Toroli lilipofika asubuhi, ajuza akilifuata nyuma, Bi Sabuni alikuwa ameshapanga mafiga nyuma ya jengo na maharage yameloweshwa. Hakujitetea. Alipiga magoti.

"Masizi siwezi kuyarudisha, mama. Nifundishe alivyokuwa akipika, tuyaanze upya."

Ajuza aliinama kuyatazama mafiga. Kisha akasema kuni zimepangwa ovyo, akavuta kigoda.

Hadi jioni, mwenye toroli na majirani walikuwa wameshiba, na ajuza alikuwa hajanyamaza. Alisimulia nani alikuwa mlafi, nani alichukuliwa na maji nguzo za daraja zikisimamishwa, na jinsi mama yake alivyomwekea marehemu sahani siku ile, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia. Sufuria ilikuwa imekaa makumbusho miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuyasikia hayo.

Siku ya maadhimisho wageni waliwaacha wakubwa na hotuba zao, wakajazana nyuma ya jengo, sufuria ilikokuwa jikoni tena. Kengele na kinu havikuondoka.

Sasa wanapika kila Jumamosi. Mwenye kinu huja kutwanga, na wazee ambao hawakuwahi kukanyaga makumbusho hufika na sahani zao. Magoti ya ajuza yamechoka, hivyo mwiko amemwachia Bi Sabuni, na yeye mwenyewe huketi pembeni akionja na kukosoa chumvi.

Bi Sabuni anataka banda lisimame kabla ya mvua, mama huyo akae pakavu. Mabati ameshaahidiwa. Anasema masizi yakirudi unene wa zamani, atamwita mwenyewe aje abebe mali yake, kama bado anaitaka.

Ajuza, aliyekuwa akisikiliza, aligeuka kwenye kigoda chake.

"Niipeleke wapi?" akauliza. "Jiko la mama yangu si ndilo hili?"