Siku Niliyomtemea Anti Nasieku Mkononi

Mafuta ya kondoo yakipashwa moto yana harufu nzito, inaingia kwa nguo, kwa nywele, mpaka kwa daftari hili ninaloandikia. Mama akiyayeyusha hapa kwetu Noonkopir, mimi sifikirii chakula. Namwona Anti Nasieku, dada mdogo wa baba, ameketi kwa stuli na gongo lake la kriketi mapajani, akilipaka mafuta hayo taratibu kama anayempaka mtoto ametoka kuoga. Kuna mafuta ya dukani ya kazi hiyo, alisema, lakini si duka la Kitengela.

Kama hujawahi kuona kriketi, usione haya, huku kwetu wengi hawajaona. Mmoja anakuja mbio na kurusha mpira mgumu mwekundu, mwingine amesimama na gongo mbele ya vijiti vitatu, anaupiga visiangushwe. Anti alikuwa wa kurusha. Kabla ya kurusha aliutemea mpira mate kidogo, akausugua kwa suruali upande mmoja tu, mpaka ukang'aa kama kiatu cha Jumapili. Aliniambia hiyo ndiyo inaufanya ukate kona ukiwa hewani. Siku hizi sheria zimekataza hayo mate, lakini wakati huo nilikuwa darasa la pili na niliamini mara moja. Kwetu mate yalikuwa na kazi kubwa kuliko hiyo.

Babu yangu, tunamwita Akui, anaishi Oltepesi. Hakuna mtu wa kwetu aliyeenda mbali, shule ya bweni ama kazi, kabla Akui hajamtemea baraka kwenye viganja. Kwa hivyo Anti alipochaguliwa timu ya taifa kwenda kucheza nje ya nchi, wote tulienda Oltepesi Jumamosi moja, ndege ikiwa ya Jumatatu.

Shida ni kwamba alikuwa ameacha kazi. Alishona nguo kwa kiwanda, na msimamizi alimwambia achague cherehani au mpira. Akachagua. Anko Lemayian, kaka yake, alianza hata kabla chai haijamiminwa.

"Nasieku, si uniambie ukweli. Umeacha mshahara ndio ukarushie Wahindi mpira?"

"Nitamrushia yeyote atasimama mbele ya vijiti," Anti akasema. "Hata wewe. Leta miguu."

Watu walicheka, isipokuwa Akui. Akui si mkali, na hiyo ndiyo mbaya. Mtu mkali angepiga kelele akachoka. Yeye alisema polepole, akiangalia mbuzi, "Mimi hubariki mtu anayeenda mahali. Wewe unaenda kucheza."

"Papa, naenda kazini."

"Kazi ulikuwa nayo."

Anti aliinuka. Alisimama mbele yake, akainamisha kichwa, akafungua mikono. Akui akaendelea kuangalia mbuzi. Upepo ulipuliza vumbi likatua kwenye viganja vya Anti, na hakuvikunja. Nilikuwa nyuma ya sketi ya mama, mahali pangu pa kawaida, kwa sababu mimi ni yule mtoto akisalimiwa na mgeni anataka kulia. Nilikuwa na peremende ya chungwa mdomoni. Nilingoja mtu afanye kitu. Hakuna aliyefanya. Ile mikono ilikaa wazi hivyo mpaka nikaona aibu, na hata haikuwa yangu.

Basi nikatoka, nikaenda mpaka kwa Anti, nikatema.

Mate yalikuwa rangi ya chungwa. Yaliangukia kiganja cha kulia, kile cha kurusha.

"Woi!" Anko Lemayian akaruka. "Huyu mtoto amemtemea mtu mzima!"

Kwetu mate ya baraka yanashuka, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Yakipanda ni matusi. Mama alishanishika sikio. Nyanya alijifunika mdomo na shuka, na mabega yake yakawa yanatingishika. Akui sasa aliacha mbuzi. "Nani amefundisha huyu?" akauliza.

Anti aliangalia mkono wake. Hakuupangusa. Aliukunja ngumi, akaniinamia, akasema, "Asante, mama. Sasa naenda." Na akaenda.

Timu yao ilichapwa vibaya huko. Mipira yake ya kwanza ilipigwa ikatoka nje ya uwanja, na aliporudi Anko Lemayian alikuwa akimngoja na kicheko chake. "Hayo ndiyo mate ya mtoto!" Anti akamjibu, "Niliangusha vijiti vya mmoja. Wewe umeangusha nini?" Alinunua cherehani kuukuu, akashona yunifomu za shule, na jioni alirusha mpira kwenye plot tupu hapa mtaani. Plot ikijengwa, anahama na vijiti vyake kwa nyingine. Timu ikamwita tena, halafu tena. Siku hizi mechi ikibana mpira anapewa yeye, na bado akipita sokoni hakuna anayemjua.

Kila Desemba mama ananisukuma kwa kiwiko njiani kwenda Oltepesi. Nimwombe Akui msamaha, kosa lizikwe. Mimi, ambaye siwezi kuinua mkono darasani hata jibu nikiwa nalo. Desemba iliyopita Akui mwenyewe aliniuliza, "Bado hujasema lile neno?" Nikamwambia, "Bado." Akanitazama sana, akaweka mkono kichwani pangu kama kawaida, tukanywa chai.

Miaka mingi nilidhani siku ile nilimpa Anti kile Akui alimnyima. Nilitembea na hiyo sifa kimyakimya. Sasa najua mtoto hana baraka ya kumpa mtu, na Anti alijua hivyo vizuri. Tikiti ilikuwa kwa mkoba, angeenda hata mikono ikiwa mitupu. Kitu alichokunja kwenye ile ngumi hakikuwa baraka. Ni kwamba boma lote lilikuwa upande mmoja, yeye peke yake upande ule mwingine, halafu wakawa wawili.

Nikiomba msamaha, nitakuwa nimerudi nyuma ya sketi ya mama na kumwacha Anti pale peke yake. Kwa hivyo siombi.