Dawa Aliyoniombea Kaka Yangu

Eda ya mume wangu niliikalia Mtoni, nyumbani kwa wakwe zangu, miezi minne na siku kumi. Naandika jinsi nilivyokaa kwa sababu waliosimulia kabla yangu walisema sikukaa. Shule nilisoma miaka mitatu tu, na kila nikiyarudia haya naona pengine namwonea mtu. Nitajitahidi kumpa kila mmoja haki yake, hata yule aliyenikasirisha kuliko wote.

Ugonjwa ulikuwa wa miguu. Haikuuma. Ingeuma ningelia, na watu wangenielewa. Ikifika alasiri, saa ambayo wanawake wanakuja kukaa nami mkekani, kitu kinaanza kuchemka ndani ya miundi kama soda iliyotikiswa. Nikisimama na kutembea kinatulia papo hapo, nikiketi kinarudi. Kilianza tangu uzazi wangu wa mwisho, nilipotokwa na damu nyingi, lakini mwanamke mwenye mume, watoto na maji ya kuteka hana nafasi ya kuketi, basi sikukijali. Eda ndiyo iliyonikalisha nikakijua.

Aliyesimamia eda ni wifi yangu, dada wa marehemu. Nikinyoosha mguu anatazama. Nikiinuka kuzunguka chumbani ananyamaza mpaka niketi. Siku moja aliwaambia wageni, nami nasikia:

"Mwacheni. Miguu yake imeshapata mchumba, inamngojea yeye tu."

Walicheka wamejiziba kanga midomoni. Niseme na la upande wake: alikuwa amefiwa na kaka yake wa pekee, na kwa muda wote ule ndiye aliyenipikia uji. Ndiye pia aliyeniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa siku saba. Akanichua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Mafuta yalinipa nafuu kwa muda ule wa kuchuliwa. Siyadharau.

Nilipoona sipati kupona nilimwita kaka yangu mkubwa, karani wa bandarini, mtu anayejua kuzungumza na watu wa ofisini. Nilimweleza yote: mahali panapochemka, saa inapoanza, na kwamba kusimama ndiyo dawa yake. Alikuwa akitazama mlango muda wote nilipokuwa nikisema. Akaniambia amesikia. Siku hizo ukienda kuchukua dawa ya maji unakwenda na chupa yako, basi wifi alimpa chupa tupu ya marashi, akaondoka nayo mpaka hospitali ya mjini. Ilirudi imejaa dawa yenye ladha ya chumvi. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni.

Niliinywa kwa imani. Baada ya siku chache nikawa mzito kama gunia lililolowa. Nasahau nimesema nini, naitwa siitiki, uso umenitoka vipele. Na miguu? Miguu ilikuwa macho. Mie nimelala, yenyewe inapiga mkeka. Chupa ikiisha kaka anaijaza tena, nami nikidhani ubaya ni wangu, labda sijanywa vizuri.

Ikafika khitima ya arobaini. Nyumba imejaa watu, wanaume barazani wanasoma, sie wanawake ndani tunaitikia. Mimi, mjane mwenyewe, nilisinzia. Sikusinzia kwa kichwa kuanguka kidogo. Nilikoroma, mate yakanitoka, na mguu ukampiga teke mgeni aliyeketi mbele yangu. Nilipozinduka niliona nyuso zao. Wifi hakunitania safari hii. Alisema taratibu, "Kaka yangu hana wa kumlilia." Hilo mpaka leo silisahau, na siwezi kusema alikosea kwa yale aliyoyaona.

Kaka alipokuja nikamwambia arudi kwa dresa, yule anayegawa dawa, amwambie miguu haijapona. Akakunja kofia yake, akaikunjua. Ndipo akasema hakumtajia dresa miguu.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia dada yangu amefiwa, hapati usingizi. Pale dirishani pana foleni ya wanaume, dada. Ningeanzaje kuisema miguu yako mbele zao?"

"Ungesema miguu."

Nilipandwa na hasira hata nikasahau kuchemka kwa miundi. Nimekunywa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine, ugonjwa aliouzua kaka yangu ili asione haya kwa dakika moja. Naijua heshima aliyotaka kunitunzia. Lakini heshima hiyo hiyo ndiyo iliyonikoromesha mbele ya watu, na yeye hakuwemo chumbani.

Nilimtuma amwite mwalimu wangu wa chuo, bibi mzee aliyenifundisha Kurani utotoni. Nikamwuliza mwenye eda akiugua afanyeje. Alinishangaa.

"Mjukuu wangu, kwa nini hukuniita mapema? Mgonjwa hutoka mchana akatibiwe, kisha hurudi kwake. Nani alikukataza?"

Nikatafuta jina la kumpa nikalikosa. Hakuna aliyenikataza. Wote walikuwa wanajua kwamba mwenye eda hatoki nje, bila kuuliza, nami nikiwa mmoja wao. Hapo hasira ikanigeukia mwenyewe.

Asubuhi ya pili tulikwenda kwa miguu, mimi na mwalimu, kaka nyuma yetu. Wifi alisimama mlangoni akitutazama. Hospitalini kaka alitaka kutangulia dirishani, nikampita. Nesi alikuwa mtu wa bara, Mkristo, na sauti yake kubwa.

"Mgonjwa ni nani, huyu bwana?"

"Ni mimi. Miguu yangu."

Nilimweleza mbele ya foleni nzima, sikupunguza neno. Wanaume walikuwa wanasogeza vikaratasi vyao, wakingoja zamu. Nesi alinivuta kope la chini akatazama, akaniuliza uzazi wangu ulikuwaje, akampelekea daktari habari zangu. Nikaambiwa sina damu, na chupa ile niiache. Nikapewa vidonge vya kijani vyenye chuma ndani yake. Akanionya choo kitakuwa cheusi, nisiogope.

Sijui kama ni vidonge peke yake au kuacha ile dawa ya chumvi pia kulinisaidia. Sina elimu ya kupima. Wiki za mwanzo sikuona tofauti. Kabla ya mwezi wa tatu kwisha niliweza kuketi kutoka alasiri hadi magharibi nimekunja miguu. Lakini eda ilikuwa imebaki siku tisa. Wale waliokuwepo kwenye khitima hawakurudi kuniona nimetulia, na wanachosimulia ni kile walichokiona.

Njiani kutoka hospitali kaka aliniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia bado. Sikukuu ya Idi alipokuja kula kwangu aliniuliza tena, nikamjibu vilevile, nikampakulia pilau.