Shamba la Kuingia Bila Viatu

Asubuhi yangu ya kwanza katika shamba la Mama Kavira, alinizuia kwa jembe. Alilaza mpini mbele ya buti zangu za mpira kama mtu anayefunga mlango.

"Vua bote," akasema.

"Ndani kuna mugonjwa?"

"Vua tu, mutoto wa barabara. Ukiingiaka kwa mukubwa na matope ku miguu, anakupokea?"

Wamama wanne waliokuwa naye walicheka. Walikuwa wa shirika lake, jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa wao huko Mabalako, na walilima pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Viatu vyao vilikuwa vimeshapangwa ukingoni, ncha zikielekea nyumbani. Nikavua.

Mama Kavira alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Nilikuja kwake kwa wiki moja tu. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, na tangu hapo nilikuwa nimechekecha dhahabu upande wa Mambasa, nimepakia malori Butembo, nimeuza vocha za simu Kasindi. Kila mahali niliondoka nikishaelewa jinsi watu wanavyofanya kazi yao. Kwake nilibaki kwa sababu sikuelewa.

Kabla ya kuingia alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo na kusema "Wabukire," salamu yetu ya asubuhi kwa Kinande, ile unayompa mtu. Kisha akangoja.

"Unangojea nini, Mama?"

"Inijibu."

"Inajibuka namna gani?"

"Kama iko baridi, kama iko na maji, kama inakauka. Inasema ile inataka. We unasikiaka tu simu."

Mstari wa kwanza ulilimwa kimya. Kila mama alichukua mstari wake kwa ajili ya mtu fulani: mume aliyekufa, mtoto mwenye homa, kaka aliyepotea Ituri. Hakuna aliyetamka sala. Kupalilia ndiko kulikuwa kusali, na magugu hayakutupwa ovyo. Yalilazwa kati ya mistari, mizizi juu, yarudi kuwa udongo. Kahindo, mdogo kuliko wote, aliyekuwa akimwacha mtoto mchanga kwa mama yake, aliita kazi ile rozari ya mikono.

Walianza hivyo wakati wa Ebola, ugonjwa ulipotokea Mangina. Watu hawakuruhusiwa kushikana mikono wala kuosha maiti zao. Mama Kavira alimtazama mumewe kwa mbali akishushwa kaburini ndani ya mfuko, na watu waliofunikwa uso. Aliniambia kwamba tangu siku hiyo udongo ndio mkono pekee aliobaki nao wa kushika.

Mimi sikuwa mtu wa kusali. Lakini miguu mitupu ilinifundisha mambo ambayo nisingeyajua kwa macho. Nilijua mahali maji yalipopita chini, mahali mchwa walipolegeza ardhi, mahali ambapo mvua ya usiku haikufika kwa sababu ya migomba. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa msimu. Kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kuondoka.

Halafu waasi wakaingia msituni, na mashamba ya upande ule yakaanza kubaki matupu. Watu walirudi mbio bila majembe. Wengine hawakurudi. Jeshi likaweka askari kwenye njia panda, na sajini wao, mtu wa mkoa wa Équateur, alitusimamisha kila asubuhi kwa salamu yake ya Kilingala.

"Mbote, bamama. Munaenda tena?"

"Tunaenda, mukubwa," Mama Kavira alijibu. "Tusipoenda, utakula nini?"

"Banasema baasi bako karibu. Na nyinyi munapanga biatu ku njia kama boutique. Mutu akipita anajua muko wangapi."

"Basi kuja utulinde. Utavua yako pia."

"Yangu ikitoka, shirika yote itakimbia juu ya harufu."

Tulicheka mpaka tukampita. Mbele kidogo Kahindo alisema labda sajini anasema kweli, labda tuvifiche viatu kwenye majani.

"Tukianza kujificha mu shamba yetu," Mama Kavira akasema, "tutakuwa wezi mule."

Tukavipanga viatu ukingoni kama kila siku. Maharagwe yalikuwa yametoa maua. Yasipopaliliwa wiki ile yangesongwa na magugu, na kwa wale wamama mavuno yalikuwa ndiyo dawa, ndiyo shule, ndiyo kila kitu. Kwake kulikuwa na zaidi ya hapo. Asingeweza kukaa mjini, mbali na udongo ule, akabaki mtu yule yule. Siku nyingine ninamlaumu. Siku nyingine nakumbuka kwamba hakuna aliyekuja kumpa njia ya tatu.

Siku ile nilichukua bidoni kwenda kijitoni. Nilivaa bote zangu kwa sababu njia ilikuwa ya mawe.

Nikiwa nateka maji nilisikia jembe moja likigonga jiwe. Kisha sikusikia jembe lolote.

Kisha sauti ya mwanamume.

Nililala kwenye matete, maji yakinifika kifuani.

Mengine aliniambia Kahindo, njiani kwenda Butembo, mara moja tu.

Waasi hawakupiga risasi. Wamama watatu walikamatwa palepale walipoinama. Waliuawa kwa mapanga.

Kahindo na Mama Kavira walikuwa upande wa bondeni, penye majimbi. Walilala kwenye tope, majani yakawafunika.

Wale watu walikuwa wanaondoka. Mmoja akaenda ukingoni, akatazama viatu. Akavihesabu kwa sauti, kama mtu anayehesabu mbuzi.

"Bado wawili," akasema. "Tokeni, mama. Viatu vyenu viko hapa."

Wakaanza kukata majimbi, kuanzia upande wa pili.

Mama Kavira aliweka kiganja kwenye shingo ya Kahindo, akamkandamiza chini. Halafu akasimama.

"Niko peke yangu."

"Na hizi nyingine za nani?"

"Zangu. Bote ni ya shamba, sandali ni ya njia."

Kahindo alisema alilitamka hilo kama mtu anayejibu sokoni.

"Vaa sandali."

Sandali zilikuwa za Kahindo, ndogo. Mama Kavira aliingiza vidole kwa nguvu, visigino vikabaki nje. Yule mtu alicheka. Bote akazichukua yeye.

Walimtwika gunia wakampeleka upande wa msitu, wakikata katikati ya shamba. Alipita juu ya maharagwe yenye maua, na viatu miguuni. Kutoka chini ya majani, Kahindo aliona miguu tu.

Hatukumwona tena.

Wale watatu tuliwazika Mangina, harakaharaka, askari wakitazama vilima. Yeye hana kaburi. Hapa Butembo padri alisema katika misa kwamba alitoa uhai wake, na watu wakaitika kwa vichwa. Wa shirika husema udongo ulimpokea. Udongo wa wapi, hawasemi, kwa kuwa hakuna anayejua.

"Kila mutu ananiambia niishi kwa ajili yake," Kahindo aliniambia siku moja. "Mi sikumuomba."

Anauza makaa karibu na soko. Hatupendani sana, lakini hakuna mtu mwingine ambaye sihitaji kumweleza kitu.

Kuna wakati ulikuja mradi wa kuwasaidia wamama waliokimbia vita. Waligawa magunia yaliyojazwa udongo wa kupanda mboga, na dada mmoja aliyevaa fulana safi akawaambia wafumbe macho, waguse udongo, uwatoe machungu. Kahindo aliingiza mkono, akautoa, akaunawa. Akauliza kama gunia likibaki tupu anaweza kulichukua la makaa.

Mimi nilijaribu. Nyuma ya nyumba ninapolala kuna kipande cha ardhi, nami nimesimama pale bila viatu asubuhi nyingi. Nasikia baridi, basi. Watu wanapohesabu hasara za vita husema nyumba, mbuzi, ndugu. Yangu ni pamoja na hii: nilikuwa nimeanza kusikia kitu, na aliyekuwa akinifundisha kukisikia alichukuliwa kabla sijajua kukisikia peke yangu. Nimerudi kuzunguka, Kasindi, Bunia, Beni, kama zamani. Zamani nilikuwa natafuta.

Njia ilipofunguka kidogo nilirudi Mabalako. Nilikuta mtu shambani akipalilia. Alikuwa amekimbia kijiji chake pia, na chifu alimpa mahali pale kwa sababu hakuna aliyepadai. Hakuwa mtu mbaya. Sijui kama alilisalimia shamba, sikuuliza. Maharagwe yake yalikuwa yamezaa kuliko yetu wakati wowote.

Nilikuwa nimeamini, bila kumwambia mtu, kwamba ardhi ile ingejua. Kwamba ingekataa, au ingezaa kidogo, kwa ajili ya Mama Kavira. Ilizaa kwa mtu yule kama ilivyozaa kwetu. Nilisimama pale nikitafuta wa kumkasirikia, na hakuwepo.

"Unatafuta nani?" akaniuliza.

"Mi mupita njia."

Akanipa mfuko mdogo wa maharagwe makavu. "Ni mbegu muzuri," akasema. "Utapanda kwenu."

Niliupeleka kwa Kahindo. Aliufungua, akayatazama.

"Ya wapi?"

Nikamwambia.

Aliuweka mfuko mapajani. Kisha akayamwaga yote kwenye ungo, akatoa vijiwe, akayaosha, akayainjika. Yaliiva alasiri. Tulikula pamoja na watoto wake, yule aliyekuwa mchanga wakati ule akiwa ameketi karibu na sufuria. Walipomaliza, watoto wakanyoosha sahani waongezewe.

"Imeisha," Kahindo akasema.